Walitafuta Mwezi, Wakapata Uhuru

Ndugu msomaji, nikitaja Mwezi na Kenya katika sentensi moja, najua wengi wenu mtafikiria mwezi mwandamo. Hapa Isiolo ndivyo ilivyo. Mwezi mchanga ukionekana upande wa magharibi, umelala chali kama mtumbwi (na huku karibu na ikweta hulala chali kweli kweli), simu huanza kulia kutoka Bula Pesa hadi Merti. Leo naomba tuutazame Mwezi kwa jicho jingine. Nataka kuwasimulia jinsi jaribio dogo la kuuchunguza Mwezi kwa bei nafuu lilivyozaa setilaiti yenye jina la Kiswahili, ikarushwa kutoka bahari yetu, na ikabadilisha sayansi ya nyota duniani kote. Kisha nitauliza swali linalonikera mimi kama mwandishi wa programu: sisi wenyewe tulibaki na nini?

Tuanze na jambo moja la msingi. Watu wakizungumzia safari za Mwezini, picha inayowajia ni ya mwanadamu aliyevaa suti nyeupe. Lakini mwanadamu hakuwa wa kwanza kufika. Chombo cha Kisovieti Luna 2 kiliugonga Mwezi mwezi wa Septemba 1959. Luna 9 kilitua taratibu tarehe 3 Februari 1966 na kutuma picha. Wamarekani wakafuata na Surveyor 1 mwezi wa Juni mwaka huo huo. Kazi kubwa ya mashine hizo ilikuwa kujibu swali ambalo leo linaonekana la kitoto: je, ardhi ya Mwezi ni ngumu, au ni vumbi litakalomeza chochote kitakachotua? Miaka michache baadaye, kati ya 1969 na 1972, watu 12 walitembea juu ya ardhi hiyo, na mradi mzima wa Apollo ukaigharimu Marekani takriban dola bilioni 25 za wakati ule.

Sisi waandishi wa programu tunaielewa mantiki hii vizuri. Huwezi kuchukua mfumo mzima wa benki ukauwasha kwa wateja milioni moja siku ya kwanza. Unaanza na toleo dogo, la bei ya chini, ambalo likianguka halimuumizi mtu. Roboti ndiyo toleo la kwanza la safari. Haili, hainywi, haivuti hewa, haina mama anayeisubiri nyumbani. Ikipotea, tunahesabu hasara na tunajenga nyingine.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Mwezi wa Juni 1962, kule White Sands katika jimbo la New Mexico, kundi la wanasayansi likiongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, lilirusha roketi ndogo aina ya Aerobee. Giacconi alifanya kazi katika kampuni iliyoitwa American Science and Engineering, na fedha zilitoka kwa Jeshi la Anga la Marekani. Roketi hiyo haikuwa ya kwenda Mwezini. Ilipanda juu ya hewa, ikachungulia anga kwa dakika sita hivi, kisha ikaanguka chini. Ilibeba vitambuzi vya eksirei, zile zile za hospitali. Lengo lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka Mwezini.

Kwa nini eksirei? Hapa pana utamu wake. Mwezi hauna hewa ya kuukinga, kwa hiyo eksirei za Jua huupiga moja kwa moja. Kila elementi iliyomo katika mawe, iwe alumini, silikoni au magnesi, ikipigwa hivyo hujibu kwa kutoa eksirei yake yenyewe, yenye nishati yake maalum. Ni kama kengele za ngamia. Mfugaji aliyelala manyattani akisikia kengele gizani anajua ni ngamia gani amesogea, bila kufungua macho. Vivyo hivyo, ukiwa na sikio la eksirei unaweza kujua Mwezi umeumbwa kwa nini bila kuokota hata jiwe moja. Kwa jaribio la bei ya chini, hilo ni wazo zuri sana.

Mwezi haukuonekana. Vitambuzi vya wakati ule havikuwa na nguvu ya kuusikia. Badala yake vilipiga kelele kwa sababu ya kitu kingine kabisa: chanzo chenye nguvu kubwa kilichokuwa upande wa kundi la nyota la Nge. Kikapewa jina la Scorpius X-1. Hakuna aliyetarajia kwamba kitu kilicho nje ya mfumo wetu wa Jua, mbali kiasi hicho, kingeweza kung'aa hivyo kwa eksirei. Kwa dakika hizo sita, tawi zima jipya la sayansi likazaliwa. Mwezi wenyewe ulikuja kupigwa picha ya eksirei zake na setilaiti ya ROSAT mwaka 1990, miaka 28 baadaye!

Giacconi na wenzake sasa walitaka setilaiti itakayokaa juu kwa miezi, si dakika. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo hadithi inapofika nyumbani.

Kaskazini mwa Malindi, karibu na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, baharini katika Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walikuwa wamesimamisha majukwaa mawili ya chuma yenye miguu iliyozama kwenye mchanga. Moja likaitwa San Marco, la kurushia roketi. Jingine likaitwa Santa Rita, la kuongozea kazi. Mwenye wazo hilo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya Kiitaliano San Marco 2. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu ipate uhuru.

Kwa nini Kenya? Jibu ni ikweta. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali inapokwenda kasi zaidi ni kwenye ikweta. Wewe uliyeketi Isiolo, chini ya kilomita 50 kutoka kwenye mstari huo, unabebwa sasa hivi kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kulipa nauli. Aliye kituo cha Florida anabebwa kwa karibu kilomita 1,470. Roketi inayoondoka huku inaanza na msukumo wa bure. Kubwa zaidi, setilaiti inayotakiwa kuzunguka juu ya ikweta ikirushwa kutoka Florida itakuwa na mzunguko ulioinama, na kuunyoosha hula mafuta mengi. Scout ilikuwa roketi ndogo ya bei nafuu, isiyo na mafuta ya kuchezea. Ukiiweka kwenye ikweta, udogo wake haukuwa tatizo tena.

Na kama unajiuliza kwa nini wasije Isiolo badala ya kuhangaika baharini, jibu ni rahisi. Roketi huangusha vipande vyake vilivyokwisha mafuta kuelekea mashariki. Malindi vinaanguka Bahari ya Hindi. Kutoka hapa vingewaangukia ngamia wa Garba Tulla, na sidhani kama kuna wazee wangeketi kikao cha kusuluhisha kesi hiyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, Scout nyingine iliondoka San Marco. Ilibeba setilaiti ya Giacconi ya kuchunguza eksirei, yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na timu ya nchi nyingine, maana waliobonyeza vitufe walikuwa Waitaliano. Mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku yenyewe, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Uhuru haikuwa kitu cha kifahari. Ilijizungusha polepole, mara moja kwa kila dakika 12 hivi, ikipangusa anga kwa vitambuzi viwili. Kwa kuwa ilipita juu ya ikweta, ilikwepa sehemu kubwa ya ule ukanda wa mionzi uliozama juu ya Atlantiki ya Kusini ambao hupofusha vitambuzi. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa dazeni chache tu. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 hupiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8, kwa sababu ni nyota iliyokufa inayonyonya gesi ya mwenzake. Takwimu zake kuhusu Cygnus X-1 ziliwasaidia wanasayansi kufikia hitimisho kwamba pale pana shimo jeusi, la kwanza kuaminiwa kuwa la kweli. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Na hadi leo, mwanasayansi wa Tokyo au wa Berlin akiandika jina la nyota kama 4U 1820-30, ile herufi U ni ya Uhuru. Neno letu limeandikwa angani, na wengi wanaolitumia hawajui ni la lugha gani.

Miezi hiyo hiyo Mwezi nao ulikuwa na shughuli. Septemba 1970, chombo cha Kisovieti Luna 16 kilichota gramu 101 za udongo wa Mwezi na kuzirudisha duniani bila mtu hata mmoja ndani yake. Tarehe 17 Novemba 1970, chini ya mwezi mmoja kabla ya Uhuru kuruka, Lunokhod 1 ilishuka ikawa gari la kwanza la roboti juu ya Mwezi. Madereva wake waliketi duniani, wakiendesha kwa kutazama picha, na kila amri ilihitaji zaidi ya sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Aliyewahi kutumia intaneti ya modemu anaijua subira hiyo! Gari hilo lilitembea zaidi ya kilomita 10. Mwaka 1971 na 1972 Apollo 15 na Apollo 16 zilibeba vitambuzi vya eksirei vilivyoupima Mwezi kutoka juu na kuona alumini zaidi katika nyanda za juu kuliko katika mabonde meusi. Wazo la 1962 likatimia, na watu wa kampuni ile ile ya American Science and Engineering walikuwemo.

Haya basi. Hapo kwenye sherehe ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

San Marco ilirusha setilaiti tisa kwa jumla. Ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo hakuna roketi iliyopeleka setilaiti angani kutoka kwenye majukwaa yale. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio na kuendeshwa na Shirika la Anga la Italia, kimeendelea kusikiliza vyombo vya wengine vinavyopita juu yetu. Wakenya wamefanya kazi pale, ndiyo. Lakini setilaiti zilibuniwa Roma, Marekani na Uingereza. Data ikachambuliwa huko huko. Makala za kisayansi zikaandikwa huko huko. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina.

Wala hatukuwa peke yetu Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo Zanzibar, pale Tunguu, cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, ambao ulikuwa ngazi ya kwanza kuelekea Apollo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwaka huo huo kikaondoka. Kilipoondoka, elimu nayo ikaondoka kwenye makasha yale yale. Kama nyumba ya kupanga: mpangaji akihama, huhama na vyombo vyake.

Mtu ataniambia, "Ndugu, nchi maskini ingefanya nini zaidi?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la mfano badala ya porojo. Tuvuke Bahari ya Hindi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya San Marco 2, India ilichagua kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba, pwani ya Kerala. Sababu ilikuwa ikweta pia, ila ile ya sumaku ya dunia, inayopita karibu na hapo. Kanisa la kijiji likageuzwa karakana na ofisi. Vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli, na picha yake ipo. Roketi ya kwanza kuruka, tarehe 21 Novemba 1963, haikuwa ya Kihindi hata kidogo. Ilikuwa Nike-Apache ya Marekani. Linganisha: Ngomeni wavuvi, Thumba wavuvi. Ngomeni ikweta, Thumba ikweta. Ngomeni roketi ya Mmarekani, Thumba roketi ya Mmarekani. Kama ungekuwa mgeni uliyeshuka miaka ya 1960, usingeona tofauti kubwa.

Tofauti ilikuwa nani aliyeshika bisibisi na nani aliyeshika daftari. Vikram Sarabhai, aliyeanzisha mradi ule, alipeleka vijana wa Kihindi wakafunzwe Marekani, na waliporudi wao ndio waliokuwa wahandisi. Mwaka 1975 India ikawa na setilaiti yake ya kwanza, Aryabhata. Ilirushwa na roketi ya Kisovieti, na hakuna Mhindi aliyeona aibu. Mwaka 1980 wakarusha setilaiti kwa roketi yao wenyewe. Mwaka 2008 wakapeleka Chandrayaan-1 kuuzunguka Mwezi, na chombo hicho kikasaidia kuthibitisha kuwa kuna maji kule. Mwaka 2019 walijaribu kutua wakaanguka. Tarehe 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 ikatua salama karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, mahali ambapo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imewahi kutua. Gari lake dogo, Pragyan, lina kilo 26 tu. Mojawapo ya vifaa vyake viwili hupima mawe kwa eksirei. Wazo lile lile la mwaka 1962, sasa likiwa na magurudumu.

Na bei je? Safari nzima ya Chandrayaan-3 iligharimu rupia bilioni 6.15 hivi, yaani takriban dola milioni 75. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama shilingi bilioni 10. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27, iligharimu karibu shilingi bilioni 88. Piga hesabu mwenyewe: kutua Mwezini ni sawa na kilomita tatu za barabara ile. Ila tusidanganyane. Hizo bilioni 10 ni za ngazi ya mwisho tu. Ngazi za chini zilijengwa kwa miaka 60 ya mishahara ya wahandisi, maabara na vyombo vilivyoanguka. Unafuu wa leo umenunuliwa kwa uvumilivu wa jana.

Hata wenye fedha wamejifunza hivyo. Mwaka 2007 lilitangazwa shindano la Google Lunar X Prize, dola milioni 30, ambapo zawadi kuu ilingoja timu binafsi ya kwanza itakayotua roboti Mwezini, itembee mita 500 na kutuma picha. Muda uliisha Machi 2018 bila mshindi. Timu moja ya Israeli iliyokuwa imeshiriki ilirusha chombo chake Beresheet baadaye, kikaanguka Aprili 2019. Mwaka 2024 chombo cha kampuni binafsi, Odysseus, kilitua kikalala ubavu. Ndipo tarehe 2 Machi 2025 Blue Ghost, cha kampuni nyingine ya Marekani, kikatua kimesimama wima na kufanya kazi yake.

Vyote hivi vinaelekea wapi? Vinaelekea kwenye maji. Mwaka 1998 chombo kidogo Lunar Prospector, kilichogharimu dola milioni 63 hivi, kiliona dalili za haidrojeni kwenye ncha za Mwezi. Mwaka 2009 LCROSS ilitupa kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, ikachungulia vumbi lililoruka na kukuta maji. Maji yakigandishwa gizani kwa mabilioni ya miaka ni kinywaji, ni hewa ukiyatenganisha, na ni mafuta ya roketi. Mtu wa Isiolo hahitaji kufafanuliwa hili. Sisi tunajua kwamba makazi hufuata maji. Kabla ya kuhama, unatuma vijana wa sahani watangulie, watazame malisho na visima, warudi na habari. Roboti hizi ndizo sahani za Mwezini. Na kijana wa sahani akirudi, anayemsikiliza ndiye anayeamua mji uhamie wapi.

Hilo ndilo fundisho langu, na halihusu Mwezi peke yake. Mwaka 2010, kule jirani zetu Marsabit, taasisi ya ILRI na washirika wake walianzisha bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Baadaye ilienea hadi Isiolo na Wajir. Inavyofanya kazi ni hivi: setilaiti hupima ukijani wa ardhi, programu hulinganisha na miaka iliyopita, na namba ikishuka chini ya kiwango fulani mfugaji hulipwa. Hakuna afisa anayekuja kuhesabu mizoga. Ni wazo zuri, na limewafaa watu wakati wa ukame. Lakini setilaiti huona kijani. Haiulizi kama kijani hicho ni nyasi au ni mathenge iliyoziba malisho. Anayejua tofauti hiyo ni mzee wa Kinna au mama wa Oldonyiro. Anayeweza kuiingiza kwenye hesabu ni mwandishi wa programu. Kama hao wawili hawajakutana, namba itatoka safi kabisa kwenye skrini na ng'ombe watakufa bila fidia.

Kwa hiyo nikiangalia historia ya Uhuru, sihuzuniki kwa sababu roketi zilikoma kuruka Ngomeni. Roketi hukodishwa. Kinachoniuma ni miaka ile 21 ya kurusha, 1967 hadi 1988, ambayo ingetosha kukuza kizazi kizima cha watu wanaojua kujenga kitambuzi, kuandika programu yake, na kusoma kinachorudi.

Habari njema ni kwamba mambo yameanza kugeuka, tena kwa njia ya ajabu. Mwaka 2017 serikali iliunda Shirika la Anga la Kenya. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, yenye ukubwa wa sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa msaada wa Wajapani na wale wale Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma. Uganda nayo ikapata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, iliyojengwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa masomoni Japani. Rwanda mwaka huo huo ilitia saini Makubaliano ya Artemis kuhusu shughuli za Mwezini. Na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya na kutengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ikarushwa na Falcon 9. Gharama yake ilikuwa shilingi milioni 50.

Tazama mzunguko huo. Mwaka 1970 setilaiti ya wageni iliondoka Kenya. Mwaka 2023 setilaiti ya Kenya iliondoka California. Nimewasikia watu wakicheka: eti tuna ikweta nyumbani na tunakwenda kupanda roketi ya jirani! Mimi sicheki. Aryabhata ilikwenda hivyo hivyo. Kati ya kumiliki uwanja bila chombo na kumiliki chombo bila uwanja, nipe chombo. Uwanja unaweza kukodishwa kwa siku moja, lakini akili ya kuunda chombo haina duka.

Nanyi vijana mnaosoma haya mkiwa Isiolo, Garissa, Tabora au Bukavu, msisubiri wizara. Redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na waya uliokatwa kwa kipimo, inatosha kunasa sauti za setilaiti zinazopita juu ya paa lenu. Data ya chombo cha LRO, ambacho kimekuwa kikiuzunguka Mwezi tangu 2009, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na India nayo hutoa data ya vyombo vyake vya Mwezini. Unaweza leo kupakua vipimo vya kreta ya Cabeus, ukaandika programu ya mistari mia moja, ukaona mwenyewe wapi Jua halijawahi kufika. Hakuna atakayekuomba kibali wala ada. Kazi ya sahani imefunguliwa kwa anayejua kusoma nyayo.

Mwaka 1962 walitafuta Mwezi wakapata kitu kikubwa zaidi, kwa sababu walikuwa na kitambuzi chao mkononi na walijua kusoma kilichoandikwa. Bahati ilikuja, ikakuta daftari limefunguliwa. Sisi bahati ilitukuta tukiwa wenyeji wazuri, tumetandika mkeka, tumetoa chai. Wageni wakija tena, na watakuja maana ikweta haihami, mkeka tutautandika kama kawaida. Lakini safari hii, ndugu zangu, tuketi nao mezani tukiwa na daftari letu na programu yetu.

Kwa leo naomba nikomee hapa. Usiku mwema, na ukitoka nje mtupie Mwezi jicho.